Hari, Si Hali

Alikuwa na desturi ya kulisalimia tanuri kwa mgongo wa mkono. Kabla ya kugusa swichi, kabla hata ya kuvua koti, alisogea kwenye ukuta wake wa chuma, akaegemeza mgongo wa vidole kama mzazi anayepima homa ya mtoto, akatulia. Siku za mwanzo nilimuuliza kwa nini asitumie kiganja. Akanieleza kwamba kiganja kikipigwa na umeme hufumba na kushika, bali mgongo wa mkono ukipigwa hukimbia. Kisha akaongeza, bila kucheka, kwamba mafundi waliotumia viganja hawakupata nafasi ya kumweleza mtu kosa lao.

Huyo ndiye ninayetaka kumweka kwenye karatasi hii. Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hakunisimulia, nami sikuuliza, kwa kuwa katika miaka ile swali la namna hiyo, likitoka kwa mtu wa kabila moja kwenda kwa mtu wa kabila jingine, lilisikika kama swali la kwenye kizuizi cha barabarani. Nitamwita Fundi, jina alilolipenda. Watu wa Jinja walimwita Afande, jina alilolichukia.

Walimwita hivyo kwa sababu ya Kiswahili chake. Alikuwa Mnubi, mrefu, mwenye sauti nzito, na maneno yalimtoka bila kutafutwa. Kwetu mashariki ya Uganda, mtu mwenye Kiswahili chepesi kiasi hicho alikuwa ama mfanyabiashara kutoka Kenya ama mtu wa bunduki, na Fundi hakuwa na bidhaa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuvaa sare hata siku moja. Kwa miaka mingi alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Jinja, mpaka utawala wa wanajeshi ulipoangushwa na watu wakaanza kuwafukuza Wanubi, ambao ndugu zao wengi walikuwa jeshini, kana kwamba wote walitoka kambi moja. Aliondoka nyumbani kwake Mafubira akiwa na mkewe na mfuko wa vifaa, akaishia Nakaloke, kaskazini ya Mbale, ambako alitengeneza redio na pasi za watu.

Mtu akimwita Afande, alisimama, akageuka, akasema polepole, "Mimi si afande. Mimi ni fundi wa stima." Aliwaambia hivyo wauza ndizi. Aliwaambia hivyo askari wa kweli. Hakukasirika na hakuchoka, na wala sidhani alimbadilisha mtu yeyote, lakini hakuacha jina lile lipite bila kulirekebisha, sawasawa na asivyoacha skrubu iliyolegea.

Mama yangu, Mmasaba wa Mbale, alikiogopa Kiswahili. Kwake ilikuwa lugha ya watu wanaogonga mlango. Maneno aliyoyajua yalikuwa ya amri: simama, lala chini, leta kipande, yaani kitambulisho. Nilipomwambia kwamba ninafundishwa kazi na Mnubi wa Nakaloke, tena kwa Kiswahili, aliniuliza kwa Kimasaba kama mtu huyo husema tafadhali. Nilifikiri, nikamjibu kwamba huiambia hata bisibisi. Haikuwa utani. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwomba msumari ulioshika kutu utoke. Lugha ninayoandikia haya nimeikuza kwa vitabu na kwa masomo ya ng'ambo ya mpaka, lakini aliyeiondolea hofu masikioni mwangu ni yeye, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nimshukuru.

Nieleze sasa tulivyokutana. Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala na cheti cha ufinyanzi, nikiamini kwamba nchi iliyovunjika inaweza kuunganishwa kwa vitu vidogo vilivyotengenezwa vizuri. Nilipewa kuongoza karakana ya wanawake sita mjini Jinja. Tulikuwa na udongo mzuri, mikono mizuri, na tanuri la umeme lililoletwa na wafadhili kabla ya vita, ambalo kwa bahati hakuna aliyeweza kulibeba siku za uporaji. Hospitali moja haikuwa na bahati hiyo. Iliporwa kila kitu, hata sahani za wagonjwa. Sista mkuu alituagiza bakuli na vikombe, tukampelekea kwa fahari. Baada ya wiki mbili alivirudisha, akatuambia kwa upole kwamba bakuli zetu zinatoka jasho.

Alikuwa na haki. Udongo uliochomwa kwa joto dogo una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya, na yakipenya huingia na uchafu, na chombo cha namna hiyo ni dhambi kukiweka mbele ya mgonjwa. Ili udongo wetu ugeuke jiwe ulihitaji digrii elfu moja mia mbili na hamsini. Tanuri letu lilifika elfu moja na hamsini, likagoma hapo kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Kamati iliyomiliki jengo ikatoa uamuzi wake: ikiwa mvua za Machi zitaanza kabla hatujatoa chombo kinachozuia maji, jengo litakuwa ghala la mahindi na tanuri litavunjwa kuwa vyuma. Wanawake sita, wanne wao wajane wa vita, wangerudi nyumbani kukaa. Tulikuwa mwezi wa Desemba.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani ndiye aliyenitajia jina la Fundi, kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja dawa iliyokatazwa. Nilimfuata Nakaloke nilipokwenda kumwona mama. Nilimkuta barazani na redio iliyofunguliwa tumbo. Nilimweleza taabu yetu kwa hotuba ndefu kuhusu ujenzi wa taifa. Alipoona nimemaliza aliuliza swali moja tu, tanuri linachukua muda gani kutoka digrii mia tisa hadi elfu moja. Sikujua.

"Basi hulijui tanuri lako, Mwalimu," akasema. "Mmeishi nyumba moja tu."

Alikuja wiki iliyofuata, katika mji uliomfukuza, akatandika mkeka katika chumba cha udongo nyuma ya karakana.

Nilitarajia mtu aliyeokoa ufinyanzi apende vyungu. Fundi hakuvipenda hata kidogo. Alikunywa chai yake ya tangawizi kwa kikombe cha bati kilichobonyea, na alisema chungu ni tope lililobahatika. Nabirye, mfinyanzi wetu mkuu, mama wa Kisoga mwenye ulimi mwepesi, alimtengenezea kikombe chenye mkono mzuri ili kumwaibisha. Kesho yake akakikuta kimejaa skrubu.

"Afande, hiyo kikombe ni ya chai," akamwambia.

"Mimi si afande, mama. Na skrubu nazo zinataka nyumba nzuri."

Wiki nzima ya kwanza hakulifungua tanuri lenyewe. Alianzia kwenye nguzo ya barabarani akafuata waya hatua kwa hatua hadi ndani, akifungua kila kiungo, akikikwangua kwa kisu mpaka shaba ing'ae, akikikaza upya. Nilikuwa nahesabu siku hadi Machi, nikamwambia, kwa adabu ninayoionea haya sasa, kwamba hatukumwita kufanya usafi. Alizima umeme, akanipa kiungo kimoja nishike. Kilikuwa cha moto. Akaniambia joto hilo ni langu, nimelilipa kwa jasho la wale akina mama, na limekuwa likichemsha ukuta badala ya kuchoma bakuli.

Kisha akageukia mahali joto lilipotoroka. Kifuniko kilikuwa na ufa, na matofali ya ndani yalikuwa mazito, ya aina inayonyonya moto. Alitaka matofali mepesi, yenye matundu mengi ndani yake, kwa kuwa hewa iliyofungiwa hulinda joto kuliko kitu chochote. Nilisema vitu kama hivyo huagizwa Ulaya. Yeye akasema vinaagizwa Mbale. Tulikwenda pamoja kwenye mashine ya kukoboa kahawa chini ya mlima, tukarudi na magunia ya maganda, tukayachanganya na udongo mweupe, tukafyatua matofali. Yalipochomwa, maganda yaliteketea yakaacha vyumba vitupu kila mahali. Tofali moja lilikuwa jepesi hata Nabirye akalipima kichwani akisema anaweza kwenda nalo harusini.

Koili, zile nyaya za kusokotwa zinazotoa joto lenyewe, zilikuwa jambo gumu zaidi. Zile za zamani zilikuwa zimekonda kama nywele za mgonjwa, na waya wa kawaida ungekufa kabla ya kufika joto tulilolitaka. Siku moja Fundi alirudi na bunda la waya mzito wa kijivu, wa aina inayostahimili, kutoka katika mashine za kukaushia zilizolala kiwandani kwake. Nilimuuliza nani amempa. Akasema wamempa. Nikamwambia kwamba nusu ya Jinja imeezekwa kwa vitu ambavyo watu "wamepewa", na kwamba sitaweka kitu cha wizi ndani ya chombo kitakachopikia bakuli za wagonjwa. Nilidhani atarudi Nakaloke. Badala yake alivaa koti, akatembea hadi kiwandani kwenye jua la saa saba, akarudi na karatasi yenye muhuri na sahihi ya meneja.

"Ungalikuwepo siku za uporaji," akaniambia akiiweka mezani, "tungalibaki angalau na vitasa vya milango."

Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.

Alizisokota koili mwenyewe juu ya fimbo ya chuma, kisha akazivuta, akipima nafasi ya kila mzunguko kwa unene wa kucha yake. Pale ambapo mzunguko mmoja ulikaribia mwingine, alisema, moto utajibanza na kuukata. Zilimchukua siku tisa. Alitupa mbili ambazo mimi sikuziona kasoro. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ile imani niliyotoka nayo chuoni, ya vitu vidogo vilivyotengenezwa vizuri, mimi nilikuwa naihubiri, na yeye alikuwa akiishi nayo bila kuipa jina.

Kwa jaribio la kwanza alinikabidhi daftari, akaniambia niandike ndani yake kila nusu saa. Alikwenda kukaa kwenye swichi, mimi nikabaki na daftari upande wa tundu la kuchungulia. Nilimsikia vizuri akisema niandike hali ya tanuri. Nilifanya hivyo kwa uaminifu wangu wote. Saa mbili: hali nzuri. Saa mbili na nusu: hali nzuri, harufu kidogo. Saa saba: hali si mbaya, ila taa ya dari imefifia, na mashine ya kusaga ya jirani inanguruma. Saa nane: hali ni ileile, taa bado hafifu, tanuri kimya.

Jioni sindano ya kipimo ilikuwa imekwama kwenye elfu moja mia moja na thelathini, juu kuliko siku zote, chini ya tulipopahitaji. Fundi aliliomba daftari. Alisoma ukurasa mzima, akaugeuza, akasoma wa pili.

"Mwalimu, hili si mgonjwa wa hospitali. Nilikuomba hari."

"Ndiyo niliyoandika, Mzee. Hali."

"Hari."

"Hali."

Nabirye, ambaye katika kinywa chake herufi hizo mbili hubadilishana viti kama watu wa nyumba moja, alituangalia na kusema sisi wote tunasema kitu kimoja, basi tunagombana nini. Na ni kweli kwamba masikio yangu ya Kimasaba hayakuwahi kuona haja ya kuzitenga. Fundi akalazimika kunieleza, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwamba hali ni jinsi kitu kilivyo, na hari ni joto, na tena hari ni jasho.

"Tanuri likikosa hari," akasema, "bakuli ndilo litakalotoa hari."

Tulicheka mpaka Nabirye akaketi chini. Mimi nilicheka kwa aibu, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza vipimo vya siku nzima wakati siku zilikuwa zinakwisha. Lakini Fundi alinyamaza kabla yetu. Alikuwa amerudi kwenye ukurasa wa kwanza, kidole chake kikiwa kwenye saa saba. Aliuliza kama nina hakika taa ilififia saa ile. Nikasema nina hakika. Aliuliza kuhusu mashine ya kusaga. Akakumbuka kwamba alipokwenda kuswali adhuhuri sindano ilikuwa bado inapanda, na aliporudi ilikuwa imesimama.

Jambo ambalo vipimo visingeonyesha, makosa yangu yalikuwa yameliandika. Tanuri halikuwa na ugonjwa tena. Waya wetu ulikuwa waya mmoja na mashine tatu za kusaga mahindi, na kila zilipowashwa umeme ulitufikia umechoka. Umeme ukipungua kidogo, alieleza, joto hupungua sana. Mji una mto mzima unaozalisha stima, bwawa liko hapo unaposikia maji yake, na sisi mwishoni mwa waya tulikuwa tunaambulia mabaki. Tangu siku hiyo daftari letu lina safu mbili, hari na hali, na kila mfinyanzi ninayemfundisha hujaza zote.

Siku pekee ambayo mashine zote zilinyamaza ilikuwa Jumapili.

Kabla ya kufika Jumapili ile, yafaa niseme jambo linalonisumbua hadi leo. Mzee yuleyule aliyenitajia Fundi aliniambia kwamba nyumba yake ya Mafubira haikubomolewa. Ina watu ndani. Nilighadhabika. Niliketi nikaandika barua kwa wakuu wa wilaya, kurasa tatu za haki na utawala wa sheria, nikampelekea Fundi aweke sahihi. Aliisoma yote, akasema Kiingereza cha barua kimenyooka, akaikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Jioni nilisikia kwamba tayari alikuwa amefika huko siku ya tatu baada ya kuja. Alimkuta mjane na watoto. Hakujitambulisha. Aliona swichi kuu imefungwa vibaya, waya uchi karibu na mlango wanaoshika watoto, akaomba bisibisi kwa kuwa yake aliiacha, akairekebisha swichi, akaondoka.

Nilimuuliza inawezekanaje mtu asiyeweza kuvumilia mizunguko miwili ya waya ikaribiane, avumilie mtu mwingine alale chumbani kwake. Alisema kwamba waya anaweza kuukata na kuanza upya. Nilimwambia hilo si jibu. Akasema ni kweli, si jibu, na akarudi kazini. Sikukubaliana naye wakati ule, na sina hakika kwamba nakubaliana naye leo. Namshukuru kwa mengi, lakini sitaki shukrani zangu zimgeuze mtu aliyekuwa sahihi katika kila jambo.

Jumapili tuliyoichagua ilikuwa ya mwisho ya Februari. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Wanawake waliniambia wazi kwamba watakwenda kanisani, na mimi mwenyewe nimelelewa kutofanya kazi siku hiyo. Fundi akasema asubuhi tanuri halihitaji mtu mwingine zaidi yake, niende nikaombe, nirudi. Aliwasha saa kumi na moja alfajiri. Nilikwenda ibada ya kwanza, na nakiri kwamba badala ya kuombea amani ya nchi niliombea koili.

Niliporudi sindano ilikuwa inapanda bila kusita. Mbele ya tundu la kuchungulia tulisimamisha vijiti vitatu vya udongo, kila kimoja kimetengenezwa kuinama kwenye joto lake, kwa kuwa Fundi hakukiamini kipimo. Aliniambia tukione cha kwanza kimesujudu, cha pili kimerukuu na cha tatu bado kimesimama, tuzime papo hapo. Saa tisa tulikuwa elfu moja mia moja na themanini. Saa tisa na nusu taa ya dari ikafifia.

Tulisikia sote wawili. Mashine moja ya kusaga ilikuwa imewashwa. Sindano ilisimama, kisha ikaanza kurudi, polepole. Wanawake walikuwa wamerudi kutoka kanisani na nguo zao nzuri, wamekaa kwenye benchi. Wote walijua kwamba waya ule usingetupa nafasi nyingine kabla ya mvua. Fundi alitazama tundu, akachukua koti lake, akatoka.

Haikupita robo saa taa ikang'aa. Mngurumo ulikuwa umekatika. Alirudi, akaketi kwenye kigoda chake, hakunitazama. Saa kumi na mbili na nusu kijiti cha kwanza kilikuwa chini na cha pili kimeinamisha mgongo, akazima swichi kwa mkono wake. Nabirye alipiga vigelegele. Wengine walimshika mkono mmoja mmoja. Walipoondoka, alibaki ameketi na koti magotini.

"Leo nimekuwa afande," akasema.

Nilimwomba anieleze. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa mashine na kusema maneno mawili, zima mashine, kwa kuwa alikuwa na haraka. Mwenye mashine aliinua macho, akamwona mrefu vile, akakisikia Kiswahili kile. Alizima mara moja, akasimama wima, mikono ubavuni, akasema ndiyo, afande. Fundi alikuwa na sentensi yake tayari mdomoni, ile aliyoisema mara elfu. Akawaza sindano inayorudi. Akaimeza, akageuka, akaondoka, akimwacha mtu yule amesimama vile.

Nilimwambia kwamba hakumdhuru mtu, kwamba wanawake sita wameokolewa, kwamba nia ilikuwa njema. Aliniambia, kwa sauti ambayo sijaisahau, kwamba wale waliomfukuza Mafubira walikosea kwa sababu hakuwa mtu wa namna ile, na leo kwa saa tatu hawakukosea.

Jumatatu tanuri lilikuwa bado la moto, halifunguki. Hakusubiri kuona kama tumefaulu. Asubuhi alivaa kanzu safi, akaniomba nifuatane naye kwa kuwa anataka shahidi. Mwenye mashine alipotuona aliacha debe lake. Fundi alimsalimu, akamwambia, "Bwana, jana nilikutisha. Mimi si afande. Mimi ni fundi wa stima. Nilihitaji stima yako kwa saa tatu, na nilipaswa kukuomba."

Mtu yule, Msoga wa makamo, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, alijipangusa mikono.

"Mzee, ungesema tu," akajibu. "Mimi pia Jumapili ilifaa niko kanisa. Bibi yangu aliona mashine imekufa, akasema ni Mungu."

Fundi alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka mpaka akafuta macho.

Jumanne tulifungua. Bakuli mbili zilikuwa zimepinda, kikombe kimoja kimepasuka, vingine vyote vilikuwa na rangi ya mkate ulioiva na vizito kuliko vinavyoonekana. Tuliijaza bakuli moja maji mbele ya katibu wa kamati, tukaiweka juu ya gazeti kavu tangu asubuhi hadi jioni. Katibu hakuondoka. Jioni aliinyanyua mwenyewe, akapitisha kidole kwenye gazeti, akakitazama, akapitisha tena. Akasema kamati itatafuta ghala mahali pengine. Mvua zilianza siku ya Ijumaa, zikatukuta ndani. Fundi alikuwa tayari ameondoka. Alituachia maelekezo kwa penseli juu ya ukuta, yote kuhusu skrubu.

Nimekaa miaka mingi bila kumwona, kwa uvivu ambao hujifanya ni kazi nyingi. Mwaka huu nilipanda gari kutoka Mbale hadi Nakaloke bila kumpa taarifa. Amezeeka. Macho yake yamekuwa na ukungu, nadhani kwa sababu ya miaka ya kuchungulia moto, ingawa yeye husema ni uzee tu. Alinitambua kwa sauti. Kabla sijaketi aliuliza nini kimeharibika.

Nilimwambia hakuna. Nilimweleza kwamba karakana ina watu kumi na mmoja sasa, kwamba hospitali mbili zinakula kwenye bakuli zetu, kwamba Nabirye anafundisha wasichana na bado anamtukana kwa upendo. Aliitikia kwa kichwa kila mara, akisubiri nifike kwenye tatizo.

"Koili?"

"Koili ni nzima, Mzee."

"Kifuniko?"

"Kizima."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kusema asante."

Aliona haya, kama mtu aliyepewa chakula kingi mbele za wageni. Alipapasa mkeka, akavuta kanzu yake. Kisha alimwita mkewe alete pasi, akaisukuma kwangu pamoja na bisibisi. Imegoma tangu wiki iliyopita, akasema, na kesho ni Ijumaa.

Nikaifungua. Alinisogelea, akainamisha sikio, akafuata kila nilichofanya kwa mlio wake. Mara mbili aliniambia nirudie kukaza. Kiungo kimoja ndani kilikuwa kimeungua. Nilikikwangua hadi kikang'aa, nikakifunga, nikarudisha kifuniko, nikaichomeka ukutani. Hakuna kilichotokea. Niliifungua upya, nikaikagua yote, jasho likinitoka, nikaichomeka tena. Mkewe akasema kutoka ndani kwamba tunajisumbua, stima imekatika Nakaloke nzima tangu tulipoanza.

Nilisema basi niende, magari ya Mbale yasije yakaisha, nitarudi siku nyingine kuona kama inafanya kazi. Fundi alinyoosha mkono akautafuta wangu, akaushika kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Itarudi."

Tukakaa.